Nyumba ya makazi ni ipi? Jinsi sheria inavyogawa matumizi ya ploti

MWENYE ploti akishapata hatimiliki, aghalabu hudhani kwamba sasa yuko huru kujenga chochote apendacho. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinalinda haki ya kumiliki mali, lakini Kifungu cha 66 kinaipa Serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango ya matumizi ya ardhi. Kumiliki ni jambo moja, kutumia ni jingine.

Jambo linalowatatiza wengi zaidi ni kwamba hata neno "makazi" lenyewe halina maana moja. Katika macho ya wapangaji wa miji, bangaloo ya familia moja, fleti za gorofa nne, hosteli ya wanafunzi na vyumba vya kupangisha kwa usiku mmoja ni vitu tofauti, ingawa vyote vina vitanda na jikoni.

Katika ramani za mipango nchini, kila aina ya matumizi ya ardhi ina rangi na nambari yake. Makazi hupakwa rangi ya kahawia na kupewa nambari 0. Viwanda hupakwa zambarau, biashara nyekundu na maeneo ya burudani kijani. Ploti iliyo katika eneo la kahawia imetengewa watu kuishi. Hata hivyo, rangi hiyo ni mwanzo tu wa maelezo. Swali linalofuata ni watu wangapi wanaweza kuishi hapo, na katika nyumba za aina gani.

Msongamano wa watu

Kigezo kikuu ni msongamano. Maeneo ya msongamano mdogo hutengewa nyumba ya familia moja katika ploti kubwa. Yale ya msongamano wa wastani huruhusu mezoneti na fleti chache. Maeneo ya msongamano mkubwa huruhusu nyumba za gorofa zenye familia nyingi, na mara nyingi ploti zake ni ndogo.

Mfano unaojulikana zaidi ni mwongozo uliotolewa na Baraza la Jiji la Nairobi mnamo 2004, ulioigawa Nairobi katika kanda zenye nambari. Kilimani na Kileleshwa ziliwekwa katika Ukanda wa 4, ambapo fleti zilikubaliwa hadi gorofa nne, na pale tu palipokuwa na mabomba ya majitaka. Loresho, Kyuna na sehemu ya Lavington ziliwekwa katika Ukanda wa 5, zikatengewa nyumba za familia moja.

Mwongozo wa namna hiyo huambatana na vipimo viwili. Kipimo cha kwanza ni sehemu ya ploti inayoweza kufunikwa na jengo. Cha pili ni jumla ya eneo la sakafu zote ikilinganishwa na ukubwa wa ploti. Tuseme ploti ina mita mraba 2,000, kipimo cha kwanza ni asilimia 35 na cha pili ni asilimia 75. Jengo litafunika mita mraba 700 za ardhi kwa upeo, na sakafu zake zote zikijumlishwa zisizidi mita mraba 1,500. Mwenye kutaka gorofa nne atalazimika kupunguza kila gorofa hadi mita mraba 375 hivi. Sehemu inayobaki ya ploti ndiyo inayoacha nafasi ya mwangaza, hewa, magari na maji ya mvua.

Sababu ya kutaja majitaka si urasimu. Nyumba isiyounganishwa na bomba la jiji hutegemea tangi la chini ya ardhi, na ploti ndogo yenye familia 40 haiwezi kuhimili uchafu wa familia hizo. Ndiyo maana eneo lisilo na bomba hupewa kipimo cha chini zaidi, hata kama liko karibu na katikati ya jiji.

Mgawanyo huu una historia chungu. Enzi ya ukoloni, Wazungu walitengewa ploti kubwa za magharibi mwa Nairobi, Wahindi wakapewa mitaa kama vile Parklands na Ngara, nao Waafrika wakasongamana Eastlands. Ubaguzi wa rangi uliondolewa katika sheria, lakini ukubwa wa ploti ulibaki pale pale. Kwa hivyo wapo wanaoteta kwamba kanuni za msongamano mdogo zinalinda matajiri dhidi ya majirani maskini. Wapo pia wanaojibu kwamba kuongeza gorofa bila kuongeza maji, barabara na shule ni kuwauzia watu matatizo. Tangu 2004, majengo ya zaidi ya gorofa kumi yamechipuka Kilimani na Kileleshwa, na mvutano huo umefika mahakamani mara nyingi.

Mabadiliko yanayohitaji kibali

Sheria inayotawala masuala haya ni Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Kwa mujibu wake, ustawishaji si kujenga peke yake. Kubadilisha kwa kiasi kikubwa matumizi ya jengo lililokwisha kujengwa pia ni ustawishaji, hata kama hakuna tofali lililoongezwa.

Sheria ya 1996 ilikuwa imefafanua jambo hili kwa mifano. Kugawanya nyumba ya familia moja ili iwe nyumba mbili au zaidi kulihesabiwa kuwa mabadiliko makubwa. Vivyo hivyo kugeuza gereji au banda kuwa mahali pa kulala watu. Ukarabati wa ndani usiobadilisha sura ya nje haukuhesabiwa hivyo.

Wapangaji hutofautisha pia kubadilisha matumizi na kupanua matumizi. Anayeondoa makazi na kuweka ofisi amebadilisha. Anayeendelea kuishi katika nyumba yake huku akifungua shule ya chekechea katika ua amepanua. Wote wawili wanahitaji kibali cha serikali ya kaunti.

Ombi hupelekwa kwa kaunti na umma hufahamishwa, kwa kawaida kupitia tangazo la gazeti na bango katika ploti yenyewe, ili majirani watoe maoni. Mwombaji asipojibiwa kwa maandishi katika muda wa siku 60, sheria inachukulia kwamba ombi limekubaliwa. Asiyeridhika na uamuzi, awe mwombaji au jirani anayeathirika, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya mipango, kisha anaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anayestawisha bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili.

Mwenye ardhi ya kukodishwa na Serikali ana mzigo wa ziada. Masharti yaliyoandikwa katika hati yake huenda yakasema ardhi ni ya nyumba moja ya kuishi pekee. Kibali cha kaunti hakifuti sharti hilo. Ni lazima hati yenyewe irekebishwe kupitia Wizara ya Ardhi.

Mipaka isiyo wazi

Hali ngumu zaidi ni ile ya nyumba za kukodiwa kwa siku chache kupitia mitandao kama Airbnb. Kwa nje ni fleti kama fleti nyingine. Kwa matumizi, zinafanana na hoteli, kwani wageni huingia na kutoka usiku na mchana na majirani hawawajui. Mnamo Januari 2024, baada ya wanawake wawili kuuawa katika nyumba za aina hiyo jijini Nairobi, mamlaka ya kudhibiti utalii iliwataka wenye nyumba hizo wajisajili. Usajili huo unahusu biashara ya utalii. Haujibu swali la mpangaji wa mji, yaani iwapo fleti hiyo bado ni makazi.

Gharama ya kupuuza mipaka ilionekana Embakasi usiku wa Februari 1, 2024, gesi ilipolipuka katika kituo kilichokuwa kando ya nyumba za watu. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya kawi na petroli, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo hapo mwaka wa 2023 kwa sababu ya wingi wa watu walioishi karibu. NEMA nayo ilikiri kwamba kibali chake kilitolewa kinyume cha taratibu, ikawasimamisha kazi baadhi ya maafisa wake. Waliolala katika nyumba zile hawakuvunja sheria yoyote.

Kwa anayenunua au kupanga nyumba, basi, kuna maswali manne ya kuuliza kabla ya kutoa pesa. Hati inasema nini kuhusu matumizi? Eneo limetengewa nini katika mpango wa kaunti? Je, jengo lina kibali, na kibali hicho ni cha idadi ya gorofa zilizopo? Na ploti jirani iliyo tupu imeruhusiwa kutumiwa kwa nini? Majibu yanapatikana katika afisi za mipango za kaunti na za ardhi. Akiona bango la kubadilisha matumizi limesimamishwa mtaani mwake, asilipite tu: muda wa kutoa pingamizi huhesabiwa kwa siku.