Tabora Si Mbali: Wito kwa Watu wa Visiwani

Kila mwaka Visiwani twawapokea wageni kwa maelfu, wanaokuja kuitazama Mji Mkongwe na kusimama Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Ni jambo jema, na nchi inafaidika. Lakini yafaa tujiulize, ni Waunguja na Wapemba wangapi waliokwisha kufika Tabora? Utajiri wa pembe uliojenga majumba ya Shangani ulipita huko, na wenye majumba hayo wengine waliishi huko miaka mingi kuliko walivyoishi pwani.

Mji huo zamani ukiitwa Kaze, katika nchi ya Unyanyembe. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea kadiri ya miezi mitatu kuufikia, na hapo njia iligawanyika: moja kwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Waliobeba mizigo ya merikani, kaniki na shanga, na kurudi na pembe, walikuwa hasa wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na yapata frasila mbili begani. Wapo pia waliokokotwa minyororoni, ingawa waliouzwa Unguja wengi walitoka upande wa Kilwa na Ziwa Nyasa. Mambo haya tusiyafiche wala tusiyachanganye. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alizaliwa Unguja na kufia Unguja mwaka 1905, lakini baba yake alikuwa na makazi yake huko Unyanyembe.

Suala la malazi si geni katika mji huo. Mwezi Novemba 1857, Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze wakiwa hoi, aliyewakirimu ni Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani. Mwaka 1872 Livingstone alikaa miezi kadhaa katika tembe ya Kwihara, akingojea wapagazi aliotumiwa na Stanley kutoka pwani. Tembe hiyo imejengwa upya na leo ni makumbusho, kiasi cha kilomita 10 nje ya mji, nayo yaitwa kwa jina la Livingstone. Sina ugomvi na marehemu. Lakini msomaji atakubali kwamba hapa mgeni amepewa jina la nyumba na wenyeji wake wakasahauliwa.

Anayekwenda asiishie Kwihara. Tabora ni mji wa Mtemi Isike, ambaye mwezi Januari 1893, alipoona Wajerumani wamekwisha kuingia ngomeni mwake, aliwasha baruti kuliko kukamatwa. Ni mji wa reli, iliyofika mwaka 1912, na wa shule ya serikali aliyosoma Mwalimu Nyerere. Ndipo pia TANU ilipokutana mwezi Januari 1958 na kuamua, baada ya mabishano makali, kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Na Mzanzibari atachekea kusikia kwamba huko nako kuna mtaa wa Ng'ambo.

Linalowazuia watu wetu si umbali. Kutoka Dar es Salaam mtu anaweza kwenda kwa treni ya zamani au kwa basi kupitia Dodoma, na reli mpya, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, inajengwa kuelekea huko. Kinachowazuia ni hofu ya kufika usiku katika mji wasio na jamaa, wakidhani kwamba ama watalala katika hoteli ya bei kubwa, ama watalala stesheni. Hofu hiyo haina msingi. Nyumba za kulala wageni zimejaa Tabora, karibu na soko na kituo cha mabasi, za bei anayoimudu mwalimu au mvuvi. Msafiri aulize bei kabla hajatua mzigo, atazame chandarua na kitasa cha mlango, afungue bomba aone kama maji yanatoka, kisha ndipo aandike jina lake katika daftari. Mwenye familia achukue vyumba vya uani, mbali na barabara na muziki wa baa.

Hata hivyo, viongozi wana la kufanya. Mwaka 2006 Serikali iliiingiza njia hii ya misafara, kuanzia Bagamoyo, Mpwapwa na Kilimatinde hadi Kwihara na Ujiji, katika orodha ya awali ya UNESCO. Orodha peke yake haimlazi mtu. Huko Uingereza, katika bonde la Ironbridge, penye daraja la chuma la mwaka 1779, kiwanda cha zamani cha vyombo vya kaure kilipata kutumiwa kuwa bweni la wasafiri wenye pesa chache. Wanafunzi wakalala ndani ya historia waliyokuja kuisoma. Sisi tuna mabweni ya shule yanayokaa matupu kila likizo. Kwa nini halmashauri isiyafungue kwa wanafunzi wa Unguja na Pemba, kwa malipo ya kufulia mashuka na mshahara wa mlinzi? Na hapo stesheni pabandikwe ubao wenye majina ya nyumba za wageni zilizokaguliwa na afisa afya, pamoja na bei zake, ili mgeni wa saa nane za usiku asiwe mateka wa dereva wa kwanza atakayemshika mkono.

Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati njia ya Kwihara ni kavu. Mtu achukue kibuyu au dumu tupu, kwani asali ya Tabora haina mfano. Na mwenye siku tatu za ziada aendelee na treni hadi Kigoma. Kutoka hapo Ujiji ni mwendo mfupi wa daladala.