Kaya za Wamijikenda: Wazee wakiondoka nani atazirithi?

LIKIZO ya Desemba inapowadia, familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Kisumu hufunga virago na kushika njia ya kwenda Pwani. Watoto huogelea Diani, wakubwa hupunga upepo chini ya minazi, na siku ya kurudi mikoba hujaa mabuyu, halua na korosho. Halafu kila mtu hurejea bara akijisifu kwamba anaijua Pwani.

Lakini hebu nikuulize, ndugu msomaji. Katika safari zako zote hizo, umewahi kutupa jicho upande wa pili wa barabara, kule kusiko na bahari? Umewahi kuona kilima kimesimama peke yake katikati ya mashamba ya mahindi na mihogo, kimevikwa msitu mzito wa kijani kibichi, hali kila kitu kukizunguka kimefyekwa?

Kama umewahi kuuona msitu wa namna hiyo, usidhani ni kichaka tu kilichosahauliwa na wenye mapanga. Huenda ulikuwa ukitazama kaya, mahali ambapo Wamijikenda wanaamini roho za mababu zao zinaishi hadi leo. Na huenda mjukuu wako asiuone msitu huo.

Ngome ya mababu

Wamijikenda ni makabila tisa: Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe, Waribe, Warabai, Waduruma na Wadigo. Masimulizi yao ya jadi yanasema walitoka Singwaya, mahali palipokuwa kaskazini mwa pwani, wakasukumwa kusini na vita vya Wagala. Walipofika katika nchi ambayo leo ni kaunti za Kilifi na Kwale, walitafuta pa kujificha. Wakachagua vilele vya vilima na misitu minene, wakajenga humo miji yenye ngome. Mji huo ndio ulioitwa kaya.

Wataalamu wa historia wanasema kaya zilianza kujengwa katika karne ya 16. Katikati ya kila kaya palizikwa fingo, yaani kago la kuwalinda watu wote wa mji huo. Ni wazee wachache tu waliojua hasa lilipolazwa. Msitu uliozunguka mji uliachwa usimame ili uwe ukuta wa kwanza dhidi ya adui, na mtu aliingia kwa kufuata njia maalum tu.

Hatari ya vita ilipopungua, watu walianza kutoka mmoja mmoja kwenda kulima na kufuga nje. Kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa. Nyumba zilianguka, lakini makaburi, fingo na msitu vilibaki. Wazee, ambao baraza lao huitwa kambi, waliendelea kurudi kuomba mvua, kutambikia, kusuluhisha magomvi na kuwazika wakubwa wao.

Sheria bila askari

Ukiingia katika kaya hukatazwi na ua wala askari mwenye bunduki. Unakatazwa na mila. Hukati mti. Huokoti hata ukuni mkavu ukaenda kupikia. Huchungi mbuzi humo, wala hupigi kelele. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, awe mwalimu, mbunge au mtalii kutoka Ujerumani.

Matokeo ya mila hizo yanaonekana kwa macho. Zamani pwani yetu ilifunikwa na msitu mkubwa ulioambaa na bahari. Leo yamebaki mabaki tu, na mengi ya mabaki hayo ni kaya. Kaya nyingi ni ndogo, kati ya hekta 10 na 400, lakini ndani yake utakuta mvule, mbambakofi na msandarusi, pamoja na mimea adimu ambayo wataalamu wa mimea husafiri kutoka mbali kuja kuitazama. Wazee ambao hawakusomea chuo chochote cha misitu ndio waliotuhifadhia mimea hiyo.

Baruti ya mwaka 1914

Msomaji mwanafunzi bila shaka umesoma habari za Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 Waingereza waliwataka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi ya kibarua katika mashamba ya walowezi na miradi ya serikali. Mekatilili, akishirikiana na Wanje wa Mwadorikola, aliwakusanya watu katika Kaya Fungo, wakala kiapo cha kukataa. Wanaume walikula kiapo cha fisi, na wanawake kiapo cha mukushekushe.

Waingereza waliwakamata wote wawili na kuwapeleka Kisii, mbali kabisa na kwao. Wakatoroka na kurudi. Serikali ya kikoloni ilipoona hivyo, iliamua kuupiga moyo wenyewe. Mnamo Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti.

Fikiria jambo hilo, msomaji. Mkoloni hakuona haja ya kulipua soko wala ghala. Alilipua msitu, kwa sababu alitambua kwamba nguvu za watu hao zilikaa humo. Hata hivyo, kaya hiyo haikufa. Ingali ipo, na wazee bado huingia.

Adui wa leo

Lakini adui wa leo haji na baruti. Huja na hati ya shamba, lori la mchanga au gunia la makaa.

Tangu utalii uliposhamiri, bei ya ardhi ya Pwani imepanda kama moshi. Huko kusini, hoteli na nyumba za kifahari zimejengwa hadi kwenye mipaka ya kaya, na nyingine ndani yake. Huko Kilifi, mawe ya ujenzi na madini ya chuma huchimbwa karibu na Kaya Kauma. Kwingineko miti hukatwa usiku kwa usiku. Ule mbambakofi uliosimama karne mbili huishia kuwa mlango wa nakshi, na huenda mlango huo uko katika nyumba nzuri ya mtaani kwenu.

Tusiwalaumu maskini peke yao. Kijana asiye na kazi ambaye ana watoto wa kulisha huuona msitu kuwa chungu cha ugali. Mkata makaa hachomi kwa sababu anauchukia msitu, bali kwa kuwa sisi wa mjini tunayanunua makaa hayo. Aidha, shamba la baba likigawanywa kwa ndugu saba, jicho huanza kuangalia kilima kilicho wazi pale jirani.

Pamoja na hayo, imani imebadilika. Wamishonari Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao Rabai mwaka 1846, na Uislamu una mizizi mirefu hasa kwa Wadigo. Leo vijana wengi, Wakristo kwa Waislamu, huambiwa kwamba kaya ni ushirikina. Mtu akishaacha kuiogopa kaya, na hajafundishwa kuipenda, ni nini kitamzuia asiingie na shoka?

Mvi zimekuwa hatari

Zamani mvi zilikuwa heshima. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Leo katika sehemu za Kilifi na Kwale mvi zinaweza kumletea mtu kifo. Wazee wamekatwa kwa mapanga wakisingiziwa uchawi. Ukichunguza kwa makini, mara nyingi utakuta nyuma ya neno hilo "mchawi" kuna shamba ambalo mwana au mpwa ana haraka ya kuliuza. Wapo wazee wanaopaka nywele zao rangi nyeusi ili wasionekane wamezeeka. Wengine wamekimbia makwao na kutafuta hifadhi Kaya Godoma, huko Ganze.

Hapa ndipo msiba ulipo. Elimu ya kaya haikuandikwa kitabuni. Jina la kila mti na dawa yake, maneno ya tambiko, njia ya kupita na njia ya kuepuka, vyote vimo vifuani mwa watu wachache wenye umri mkubwa. Mzee anayeuawa leo, au anayenyamaza kwa hofu ya kuitwa mchawi, huondoka na maktaba nzima.

Hata wafu hawakupumzika. Wagiriama waliokuwa katika chama cha gohu walipofariki walichongewa vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka. Kuanzia miaka ya 1970 vigango viling'olewa na wezi, vikauzwa kwa wafanyabiashara na kuishia katika majumba ya makumbusho na sebule za matajiri huko Marekani. Kwa walionunua, hilo lilikuwa pambo. Kwa wenyewe, ilikuwa sawa na kumteka nyara babu.

Habari njema ni kwamba baadhi vimerudi. Mwaka 2007 familia moja ya Kilifi ilirudishiwa vigango viwili vilivyoibwa katika miaka ya 1980, na mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver lilitangaza kwamba litarudisha vigango 30.

Ulinzi upo, lakini...

Si kwamba hakuna lililofanywa. Mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za kitaifa, na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ikaunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya Pwani. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka kaya kadhaa katika orodha ya Urathi wa Dunia. Mwaka uliofuata, mila zenyewe za kaya ziliorodheshwa miongoni mwa zile zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Katiba ya 2010 nayo inataja misitu na maeneo ya ibada ya jamii kuwa sehemu ya ardhi ya jamii.

Hata hivyo, karatasi hailindi mti usiku wa manane. Anayeulinda ni mtu anayeupenda. Kule Kinondo wenyeji wamejaribu njia yao: wageni hulipa, huongozwa na mwenyeji ndani ya kaya, na mapato hurudi kwa jamii. Kijana anayelipwa kutaja majina ya miti hana sababu ya kuikata.

Wewe na mimi

Utasema: mimi ni wa bara, kaya zanihusu nini? Zinakuhusu. Ukitaka kununua ploti Pwani kwa bei ya kutupa, uliza kwanza wazee wa hapo kama ardhi hiyo si sehemu ya kaya. Ukiagiza kitanda cha mbambakofi, muulize seremala mbao zimetoka wapi. Ukiuziwa kigango, kumbuka ni ukumbusho wa marehemu wa watu. Na likizo ijayo, toka ufuoni nusu siku, uwapeleke watoto Kaya Kinondo. Wafungwe kitambaa cheusi, wanyamaze, wasikilize.

Na kama wewe ni kijana wa Kimijikenda unayesoma mjini, kazi yako ni kubwa zaidi. Hulazimiki kuacha kanisa wala msikiti. Chukua daftari, nenda ukaketi na babu au nyanya yako, umuulize jina la kila mti anaoujua na kazi yake. Uandike. Mwacha mila ni mtumwa, lakini mtu hawezi kuishika mila ambayo hakufundishwa.

Kaya Fungo ilipona baruti ya Mwingereza kwa sababu palikuwa na watu waliojua njia ya kurudi. Wazee wanaoijua njia hiyo leo ni wachache, na kila mwaka wanapungua. Nenda ukawaulize wangali hai.