Mbio za magari ya umeme: njia ya ushindi inaikimbia kobalti

Mwaka wa 2025, kampuni ya BYD ya China iliuza zaidi ya magari milioni 2,2 yanayotembea kwa umeme peke yake. Iliipita Tesla ya Marekani, ambayo iliuza karibu milioni 1,6. BYD ilianzishwa Shenzhen mwaka wa 1995 kama kiwanda cha betri, na ilianza kutengeneza magari mwaka wa 2003 tu. Leo makampuni makongwe kama Volkswagen na Ford yanatafuta namna ya kuifikia. Mashindano hayo yanawahusu pia watu wa Lualaba na Haut-Katanga, kwani anayeshinda ndiye anayechagua betri ya kuweka ndani ya gari.

Betri ndiyo sehemu yenye bei kubwa kuliko zote katika gari la umeme, na hapo ndipo wageni waliwapita wenyeji. BYD inajitengenezea betri zake. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2023 iliweza kuuza China gari dogo, Seagull, kwa bei ya karibu dola 10 000.

Wakongwe, wao, wanabeba mizigo miwili: viwanda vya injini za esansi na mazuti, ambavyo bado vinawapa faida, na viwanda vipya vya umeme vinavyokula pesa. Mwaka wa 2024, tawi la magari ya umeme la Ford lilipata hasara ya dola zaidi ya bilioni 5. Mwezi Desemba mwaka huo huo, Volkswagen ilikubaliana na chama cha wafanyakazi kupunguza nafasi za kazi zaidi ya 35 000 nchini Ujerumani hadi mwaka wa 2030.

Hata hivyo, wakongwe hawajaanguka. Kule Ulaya, kundi la Volkswagen ndilo lililoongoza katika mauzo ya magari ya umeme mwaka wa 2025. Serikali nazo zinawakinga: tangu Oktoba 2024, Umoja wa Ulaya unatoza magari ya umeme kutoka China ushuru wa ziada unaofika asilimia 35,3, na Marekani inatoza asilimia 100. Lakini ushuru unachelewesha tu, kwani BYD inajijengea kiwanda chake Szeged, nchini Hungaria.

Wengine wameamua kwenda shule kwa mpinzani. Mwaka wa 2023, Volkswagen ilitoa karibu dola milioni 700 kununua sehemu ya Xpeng, na Stellantis iliweka euro bilioni 1,5 katika Leapmotor. Zamani Wachina ndio walijifunza kwa Wazungu. Sasa mwalimu amekuwa mwanafunzi.

Na somo la kwanza ni betri ya bei ndogo. Kwa muda mrefu, makampuni ya Ulaya na Marekani yalipenda betri zenye nikeli, manganizi na kobalti. BYD inatumia betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata gramu moja. Ni nzito zaidi, lakini bei yake ni nafuu. Kulingana na Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka wa 2024 zilichukua karibu nusu ya soko la dunia la betri za magari ya umeme. Sasa Ford, huko Michigan, na Stellantis, huko Zaragoza nchini Uhispania, wanajenga viwanda vya betri hizo kwa teknolojia ya kampuni ya CATL ya China.

Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Bei ilipoanguka, Kinshasa ilisimamisha uuzaji wake nje mwezi Februari 2025, kisha ikaweka kikomo cha tani 96 600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Bei ilipanda. Ila bei ikizidi kupanda, watengenezaji wa magari wanapata sababu nyingine ya kuikimbia kobalti.

Inabaki shaba. Gari la umeme linaihitaji kuliko gari la esansi, hata betri yake iwe ya aina gani, na Kongo ni ya pili duniani kwa uzalishaji wake. Kwa hiyo wakongwe wanaweza kushindana, lakini kwa betri za bei ndogo. Kolwezi isipange kesho yake kwa kobalti peke yake.