Mlango wa Kabati Usiotulia: Shilingi Hamsini au Elfu Tatu?

Katika nyumba nyingi za mitaa ya Nairobi kama Umoja, Kayole na Pipeline, dawa ya mlango wa kabati unaojifungua ni kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne na kubanwa pembeni mwa mlango. Haigharimu kitu, na inafaa mpaka siku mtoto atakapouvuta mlango na gazeti lidondokee kwenye sufuria ya mboga. Hapo ndipo watu hukimbilia hadiwea, na hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu mwenye duka atakuuzia ulichotaja, kikufae kisikufae.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fungua mlango nusu, kisha uuachie. Ukizidi kufunguka wenyewe, mlango hauna kosa. Kabati lenyewe limeinama mbele. Sakafu za ploti nyingi si sawa, na zile za jikoni huteremshwa makusudi kuelekea shimo la maji. Chomeka kadibodi au kipande cha ubao chini ya miguu miwili ya mbele, mpaka kabati liegemee ukuta kidogo tu. Mlango utarudi wenyewe kwa uzito wake. Njia hii ni ya bure na ndiyo ningeanza nayo, hasa kwa kabati refu la sebuleni lenye televisheni na vyombo vya wageni, maana kabati lililoinama mbele linaweza kumwangukia mtoto anayepanda rafu. Hata makampuni makubwa hili limeyagharimu: mwaka 2016 IKEA ilitangaza huko Marekani kwamba makabati ya droo yapatayo milioni 29 yarudishwe au yafungwe ukutani, baada ya watoto kadhaa kufa kwa kuangukiwa.

Mlango ukibaki pale pale ulipouacha, tazama bawaba. Makabati ya siku hizi ya MDF na chipibodi hutumia bawaba za kikombe, zile zinazozama ndani ya tundu la milimita 35 upande wa ndani wa mlango. Zina skrubu mbili zilizofuatana kwenye mkono wake: ya mbele husogeza mlango kushoto au kulia, ya nyuma huusogeza ndani au nje. Milango mingi inayodaiwa kuharibika imelegea skrubu hizi tu, pengine tangu kabati lilipopandishwa mkokoteni kutoka Huruma hadi Kariobangi. Bisibisi ya nyota, dakika kumi, basi. Kama skrubu inazunguka bila kushika, tundu limepanuka. Jaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, ziache zikauke usiku kucha, kisha rudisha skrubu. Chipibodi iliyokwisha kunywa maji ya kudekia na kuvimba haiponi hivyo. Hapo hamisha bawaba juu au chini kidogo, penye ubao mkavu.

Kuna mlango wa tatu, ule unaofunga vizuri kisha unarudi polepole. Kwanza angalia kama mkono wa sufuria hausukumi kwa ndani (usicheke, hutokea sana). Kama si hivyo, mlango umepinda au springi ya bawaba imechoka. Huu ndio unaohitaji kununuliwa kitu.

Bei za hadiwea za mtaani hupishana duka hadi duka, lakini hazitoki mbali na hapa. Sumaku ya kabati, pamoja na kibati chake, ni kama shilingi 50 hadi 150. Kishikizo chenye vigurudumu viwili vya plastiki na ulimi katikati ni karibu bei hiyo hiyo. Komeo dogo la kusukuma halizidi sana mia moja. Bawaba ya kikombe ya kawaida ni shilingi 50 hadi 120 moja, na ile inayojifunga taratibu bila kishindo hufika 150 hadi 350. Gikomba au mjini utapata nafuu ukinunua nyingi, lakini kwa sumaku mbili nauli ya matatu kwenda na kurudi itaimeza nafuu yote. Nunua hapo mtaani.

Sasa piga hesabu ya kabati lenye milango sita. Sumaku sita za shilingi 80 ni 480. Bawaba za kujifunga taratibu, mbili kila mlango, ni kumi na mbili. Kwa shilingi 250 ni 3,000, na fundi hajalipwa. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu wa kodi ya mwezi. Na kinachowaponyoka wanunuzi ni kwamba kile kinachopunguza kishindo hakishikilii mlango. Kinachoushikilia ni springi, na springi iko pia katika bawaba nzuri ya kawaida. Ukilipia za taratibu, unalipia utulivu. Kwa nyumba yako mwenyewe Buruburu, yenye jiko jipya, sina ubishi nawe. Kwa kabati utakalolihamisha mwaka ujao, naona ni anasa.

Ukiamua kubadilisha bawaba, beba ile ya zamani dukani. Kikombe huwa cha kipimo kile kile, lakini mkono hutofautiana: ulionyooka ni wa mlango unaofunika ukingo wote wa kabati, uliopinda kidogo ni wa mlango unaofunika nusu, na uliopinda sana ni wa mlango unaoingia ndani. Ukikosea, mlango hautafunga kamwe, hata ungenunua ya bei gani.

Mimi ningechukua sumaku kwa milango mingi. Haina kinachosagika, na hata kipofu anaweza kuifungua. Udhaifu wake ni nafasi: kibati kikikosana na sumaku kwa milimita tatu tu, nguvu inapungua sana. Kwa hiyo funga sumaku kwanza, weka kibati juu yake, funga mlango ili uone kinapogusa, ndipo utie skrubu. Mlango mrefu wa kabati la nguo uliopinda unataka sumaku mbili, juu na chini, au kile kishikizo cha vigurudumu, ambacho hubana zaidi japo plastiki yake huvunjika.

Sumaku haimzuii mtoto. Kabati la chini ya sinki, lenye mafuta taa kwenye chupa ya soda na dawa ya kufulia, linataka komeo lililo juu, mkono wa mtoto usipofika. Kama nyumba ina mtundu zaidi, weka tumbuu na kufuli, kama ya sanduku la mwanafunzi wa bweni. Mafundi wa jua kali Kamukunji wanazo. Vile vifungio vya plastiki vya kubandika kwa gundi sivipendekezi jikoni, kwa kuwa mvuke na mafuta ya kukaangia huvilegeza. Afadhali mafuta taa yatolewe kwenye chupa ya soda kabisa.

Fundi wa mtaani atataka shilingi 300 hadi 500 kwa kazi ndogo, na hatakupunguzia sana kwa sababu ni mlango mmoja. Kusanya milango yote inayosumbua, mwite mara moja, na nunua vifaa mwenyewe. Kama kabati limejengwa ukutani, ni la mwenye nyumba: piga picha, mtumie keateka, na omba ruhusa kabla ya kutoboa, ili matundu yale yasije yakakatwa kwenye dipositi yako siku ya kuhama. Kama ni lako, fungua sumaku na skrubu zake siku hiyo hiyo, uzitie kwenye mfuko uliofungwa, na usafirishe milango peke yake.