Pikipiki ya Siku Nyingi Inapotoa Moshi

Katika nyumba nyingi za kwetu kuna pikipiki iliyolala. Ipo stoo nyuma ya magunia ya mahindi, au barazani chini ya turubai, tairi zimekwisha upepo na kuku wametaga juu ya kiti. Baba alihamishwa kikazi, au aliumwa mgongo akaacha kuendesha, au Bwana alimwita. Halafu siku moja kijana wa nyumbani anamaliza shule na kusema, "Mama, tuifufue hii nipate cha kufanya." Fundi anaitwa, kiki inapigwa mpaka jasho linamtoka, na injini inaitika. Furaha! Lakini moshi unajaza ua mzima, fundi anatikisa kichwa na kutaja bei ya ovaholi.

Hapo ndipo akina mama wengi tunapokwama, kwa kuwa fedha itatoka kwenye kibubu chetu na ufundi hatuujui. Mimi ni muuguzi, si fundi. Hata hivyo naona moshi wa pikipiki hauna tofauti kubwa na kikohozi. Mgonjwa akija na kikohozi hatumwandikii dawa papo hapo. Tunamwuliza makohozi yana rangi gani, yalianza lini, na yanazidi wakati gani. Maswali hayo hayo yaulize kwa moshi kabla hujafungua kibubu.

Tuanze kabla ya kiki. Petroli iliyokaa tangini miezi mingi huharibika. Hunuka kama vanishi na huacha utomvu ndani ya kabureta. Imwagwe yote. Na hapa nakusihi, mama mwenzangu: usimruhusu kijana kuivuta kwa mpira mdomoni. Petroli ikipotea njia ikaingia mapafuni huyachoma na kuleta nimonia. Aliyeimeza asitapishwe, wala asilazimishwe kunywa maziwa. Akikohoa au kuhema kwa shida apelekwe hospitali mara moja. Bomba la chini ya kabureta huchomolewa bila taabu, na petroli ikashuka yenyewe kwenye chombo.

Sasa moshi. Ukiwa mweupe, mwepesi, na kupotea hewani mara moja, huo ni mvuke wa maji. Petroli lita moja ikiungua hutoa maji karibu lita moja, na bomba lililokaa baridi kwa miaka huwa na unyevu wake pia. Injini ikishapata moto dakika chache, mvuke huo huisha. Usimlipe mtu kwa ajili ya mvuke.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na hapa ndipo penye maneno mengi. Kwanza ujue injini yako ni ya aina gani. Za zamani kama Yamaha AG100, ambayo mabwana shamba na wainjilisti wengi wameitumia vijijini, ni tu-stroki. Hizo huchoma oili pamoja na petroli kwa makusudi, na moshi kidogo wa bluu ndio hali yake ya kila siku. Ikiwa imelala muda mrefu, oili huweza kujikusanya ndani ya injini, na siku ya kwanza itafuka kama tanuri la matofali. Iendeshwe barabarani, isiachwe ikinguruma pale pale uani, kisha utazame kama moshi unapungua.

Usipopungua, muulize fundi habari za sili za kranki. Ni vipande vya mpira vinavyozuia oili ya gia isiingie kwenye injini, na mpira uliokaa miaka bila kazi hukauka na kupasuka. Mama mmoja katika kikundi chetu cha maombi aliambiwa na fundi wa kwanza kwamba injini ya marehemu mumewe imekufa, auze vyuma kwa kilo. Fundi wa pili, mzee mtaratibu, alipima oili ya gia jioni, akaruhusu pikipiki itembee siku mbili, akapima tena. Oili ilikuwa imeshuka, na chini hapakuwa na tone lililovuja. Ilikuwa inanywewa na injini kupitia sili. Bei ya sili haikufika hata sehemu ndogo ya ile ya ovaholi. Ningependa kila fundi awe na subira ya mzee yule.

Pikipiki nyingine, tangu Honda CG125 ya zamani hadi hizi za bodaboda za leo, ni fo-stroki. Hizo hazitakiwi kutoa moshi wa bluu kabisa. Lakini kama fundi alimimina oili kupitia tundu la plagi ili kulainisha pistoni iliyoganda, basi oili hiyo lazima iungue kwanza, vumilia. Chomoa pia kijiti cha kupimia oili na ukinuse. Kikinuka petroli, na oili imepanda kupita alama, basi kabureta inavujisha petroli kuingia kwenye oili. Oili iliyozimuliwa hivyo huungua haraka na huua injini. Imwagwe, kabureta itengenezwe, iwekwe mpya.

Kama hayo yote si hivyo, tazama wakati. Moshi ukitoka kwa mkupuo mara tu ya kuwasha asubuhi, au ukishuka mlima bila kuvuta mafuta kisha ukavuta, mara nyingi ni sili za vali zilizokakamaa. Ukitoka kila anapovuta mafuta kupanda mlima, shuku ringi za pistoni. Fundi mwaminifu atapima nguvu ya msukumo wa silinda, atie oili kijiko kidogo kwenye tundu la plagi, apime tena. Nguvu ikiongezeka, ringi ndizo mbovu, na ovaholi ni halali yake. Simama hapo akipima. Si dharau, ni mali yako.

Moshi mweusi ni petroli nyingi na hewa haba. Labda choki imesahauliwa, labda kabureta inafurika, labda chujio la hewa limeziba. Panya hupenda sana kujenga mle. Plagi yenye masizi makavu meusi itathibitisha. Iliyolowa oili inarudisha kesi kwenye bluu.

Jambo linalonihangaisha zaidi halina rangi. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyoonekana wala kunuka, ambayo hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Injini yenye moshi mweusi huitoa kwa wingi, lakini hata ile ambayo moshi wake umekwisha bado inaitoa. Kwa kuogopa wezi tunalaza pikipiki sebuleni. Sawa, ila isiwashwe humo hata kwa dakika za kujaribu, na kufungua dirisha hakutoshi. Isukumwe nje. Mama mjamzito na mtoto mchanga wakae mbali fundi anapojaribu, kwa maana hewa hiyo hupita hadi kwa mtoto tumboni.

Dalili zake hufanana mno na malaria: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, mwili kulegea. Tofauti ni kwamba homa haipo, na mara nyingi walio chumbani huugua pamoja, kisha hupata nafuu wakitoka nje. Ukiona hivyo, watoe wote kwenye hewa safi na muende hospitali hata kama wamezinduka. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba kulikuwa na injini au jiko la mkaa ndani. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni hakiwezi kutofautisha hewa hii na oksijeni. Kitaonyesha namba nzuri huku mgonjwa akizidiwa. Anachohitaji ni oksijeni kwa barakoa, na kwa hewa ya kawaida peke yake damu huchukua saa nne au tano kuondoa nusu tu ya sumu hiyo.