Sinia la Samaki Ufukweni Bagamoyo

Wengi wanaokwenda Bagamoyo kwa matembezi hutazama magofu ya Kaole, yenye misikiti ya mawe na makaburi ya kale, kisha hugeuza magari kurejea Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 70, wakala viazi vya kukaanga njiani. Sisi tuliazimia vingine. Familia sita za msikiti wetu zilipomaliza ziara na kuswali Adhuhuri, tuliteremka hadi soko la samaki lililo ufukweni, jirani na jengo la zamani la forodha, tukatafuta pa kula.

Banda tulilolipata halina jina wala orodha ya vyakula. Lina paa la makuti, mabenchi mawili, makarai matatu na jiko la mkaa. Mteja hujinunulia samaki wabichi kwa wavuvi, akampelekea mpishi, kisha akalipia mkaa, mafuta na kazi ya mikono. Utamu, basi, huanzia kwenye macho ya mnunuzi. Samaki wa leo jicho lake limejaa na kung'aa, matamvua ni mekundu, na nyama ikibonyezwa hurudi mahali pake. Jicho likididimia na kuingia ukungu, mpite hata akiuzwa kwa bei ya kutupa. Kina mama wetu hawakuhitaji darasa hilo. Walirudi na changu, kolekole mmoja mkubwa, kamba na pweza wawili.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo. Miongoni mwetu ilikuwamo familia moja inayofuata madhehebu ya Imamu Abu Hanifa. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao huu, wanyama wa baharini kwa jumla ni halali. Kwa Mahanafi, kiliwacho kutoka baharini ni samaki, na pweza si samaki. Mzee wa familia hiyo tumeswali naye safu moja miaka mingi, lakini hakuwahi kufuatana nasi katika matembezi. Sababu hatukuhitaji kuiuliza. Ni taabu kwa mtu mzima kuketi penye chakula akihojiwa kila tonge.

Mpishi, mama wa makamo, alitusikia tukinong'ona.

"Ustadhi, mafuta haya nimeyatia sasa hivi," akasema. "Changu wataingia kwanza. Pweza atakuja mwisho, tena kwenye karai lake."

Hakungoja shukrani. Alimchanja kolekole mbavuni, akampaka kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu, akamlaza juu ya wavu. Kando, tui zito lilichemka pamoja na ukwaju hadi likashika mwiko, naye akawa anampaka samaki kijiko kwa kijiko, akimgeuza, akimpaka tena, mpaka tui likaganda na kuungua kidogo pembeni. Pale penye kuungua ndipo penye utamu, na asemaye vinginevyo hajapata kuonja samaki wa kupaka. Pweza alichemshwa kwa maji yake mwenyewe, bila chumvi kwanza, asije akakakamaa, ndipo akakatwa na kukaangwa.

Tulitandika jamvi, wanaume upande mmoja, wanawake na watoto upande wa pili. Kwetu yakaletwa masinia mawili ya wali wa nazi, moja lina pweza na moja halina. Imamu wetu, ambaye mapenzi yake kwa pweza hayafichiki, akaenda kuketi penye sinia la mzee. Wengine wakamfuata, hata sinia la pweza likabaki na vijana wawili, ambao hawakulalamika hata kidogo.

Mtoto mmoja aliyekuja kuomba ndimu akauliza kwa sauti: "Babu, kwani pweza ni haramu?"

Tulinyamaza sote. Mzee akacheka. "Kwa babu yako huyu si chakula. Kwako wewe ni riziki. Nenda kale, mjukuu wangu."

Kuhusu kamba, wanazuoni wa Kihanafi wenyewe wamehitilafiana, kwani wapo wamwitao samaki na wapo wakataao. Mzee alikula kamba, tena kwa wingi. Habari zikatufikia kutoka upande wa pili kwamba mkewe amewasukumia watoto kamba wake wote. Wameishi nyumba moja zaidi ya miaka thelathini.

Tulikaa pale hadi Alasiri. Mzee aliomba kichwa cha kolekole, akakichambua taratibu mpaka mifupa ikawa myeupe, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Kwa familia zitakazopenda kwenda: fikeni asubuhi, vyombo vinaporudi kutoka baharini, maana mchana bora huwa wamekwisha. Chukueni jamvi lenu na maji ya kunywa. Patanisheni ujira wa mpishi kabla jiko halijawashwa. Na iwapo mna mgeni wa Kihanafi, semeni mapema, kabla pweza hajatiwa karaini.