Kweli au Si Kweli? Tiba ya Saratani na Sikukuu za Desemba Nachingwea na Ruangwa

Desemba Nachingwea na Ruangwa huja na mambo mengi kwa mpigo. Malipo ya korosho yameingia au yanasubiriwa, mvua za kwanza zimewapeleka watu shambani, na ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam na Mtwara kula Krismasi na Mwaka Mpya nyumbani. Kwenye nyumba yenye mgonjwa wa saratani, kila anayeingia ana neno la kushauri. Wanashauri kwa mapenzi. Lakini kuna ushauri unaomtoa mgonjwa kwenye tiba, na kuna unaomnyima furaha ambayo ni haki yake. Tuyapime madai yanayosikika zaidi.

"Dozi ikiangukia sikukuu, isogezeni hadi Januari."
SI KWELI. Kemo nyingi hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki 3, ili mwili upate nguvu bila saratani kupewa nafasi ya kukua tena. Mionzi nayo haitaki mapengo. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, mionzi yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa ikamilike ndani ya wiki 8. Kila siku inayopotea baada ya hapo hupunguza uwezekano wa kuidhibiti. Tarehe ikigongana na sikukuu, wa kuipanga upya ni daktari, si kikao cha familia. Ulizeni mapema huduma zitakuwaje tarehe 25 na 26 Desemba, 1 Januari na 12 Januari.

Safari nayo ipangwe mapema. Kutoka kwetu hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 500, na barabara ya kusini hujeruhiwa na mvua. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, ilikatika maeneo ya Somanga, Kilwa, na wasafiri wakakwama. Mwenye dozi Jumatatu asipange kuondoka Jumapili.

"Homa ya msimu huu ni malaria tu. Nunueni dawa ya mseto, apumzike."
SI KWELI, na hili ndilo linaloweza kuua haraka zaidi. Kemo hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu. Mara nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Katika siku hizo, joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi ni dharura, hata kama mgonjwa anatembea na kuongea. Malaria ipo kwetu na apimwe, lakini kipimo kikionyesha malaria hakiondoi uwezekano wa maambukizi mengine yanayohitaji antibayotiki saa hiyohiyo. Msimpe panado kwanza mkasubiri asubuhi, kwa sababu hushusha joto na kuficha hatari. Mpelekeni hospitali ya wilaya, au hospitali ya Nyangao au ya Ndanda ikiwa ndiko karibu, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Yuko kwenye kemo." Kadi yake ya kliniki iwe mkononi. Nyumba isiyo na kipimajoto ikinunue kabla ya nguo za sikukuu.

"Aliyepigwa mionzi asibebe wajukuu."
SI KWELI. Mionzi inayotoka kwenye mashine hupita mwilini na kuisha. Hata ile ya ndani ya saratani ya shingo ya kizazi, chanzo chake hutolewa kabla mgonjwa hajaondoka. Saratani yenyewe haiambukizi kwa kula sahani moja wala kulala chumba kimoja. Mjukuu mwenye afya na akae mapajani kwa bibi yake. Tahadhari ya kweli iko kwenye kemo: siku 2 hadi 3 baada ya dozi, anayesafisha matapishi au mkojo avae glavu, na mjamzito asifanye kazi hiyo.

"Asile nyama wala kitamu, sukari huilisha saratani."
SI KWELI. Kila chembe ya mwili hutumia sukari. Kumnyima mgonjwa chakula hakuiui saratani, humdhoofisha yeye, na aliyepungua sana anaweza kuahirishiwa dozi. Mwenye kisukari afuate masharti ya daktari wake. Wengine wale pilau, kuku, samaki na maembe ya msimu, kidogo kidogo mara nyingi. Mwenye vidonda mdomoni aepushwe pilipili na ndimu, apikiwe uji wa karanga. Karanga zenye ukungu zitupwe, kwani sumukuvu ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya ini. Chakula chake kiwe kimepikwa siku hiyo na kikiwa moto. Pilau iliyolala sufuriani asipewe, na maji yake yachemshwe.

"Uraka kidogo hauna neno, ni maji ya mabibo."
SI KWELI. Uraka ni pombe, na nipa ni kali zaidi. Pombe huchoma mdomo wenye vidonda, hukausha mwili na kulibebesha mzigo ini, ambalo tayari linashughulika na dawa. Anayempenda amkaribishe juisi.

"Huu ni mkono wa mtu. Hospitali imeshindwa, twende kwa mganga."
SI KWELI. Karibu saratani zote za shingo ya kizazi hutokana na kirusi cha HPV, na ndiyo sababu tangu 2018 wasichana nchini wanachanjwa. Kumtafuta mchawi hugawa ukoo wakati mgonjwa anauhitaji wote. Dawa za mizizi nazo zinaweza kuumiza ini au figo, au kugombana na kemo. Kama ameshakunywa, amwambie daktari bila kuona haya.

"Mofini ni ya anayekata roho."
SI KWELI. Mofini ya kunywa ni dawa ya maumivu makali. Mgonjwa anayeitumia kwa kipimo cha daktari anaweza kula, kulala, kwenda misa au msikitini. Hufunga choo, kwa hiyo aombe na dawa ya kulainisha. Haiuzwi maduka ya dawa muhimu, basi chupa ihesabiwe ivuke sikukuu zote.

"Mgonjwa anaweza kusema 'leo siwezi wageni', hata kama ni Krismasi."
KWELI. Anayekohoa asubiri hadi apone, na anayeingia anawe kwa sabuni. Wengi wanaopata kemo kila wiki 3 hurudiwa na nguvu katika wiki ya tatu. Muulizeni yeye siku ipi anajisikia vizuri, ndiyo iwe siku ya kukusanyika, hata kama ni tarehe 29. Na fedha ya korosho ikiingia, kabla ya mbuzi, tengeni kwanza nauli na malazi ya dozi inayofuata. Sikukuu itakubali kuhama, dozi haitakubali.